D2, SKD11, 1.2379, Cr12MoV: jedwali linasema ni kitu kimoja. Ni kweli?

Mkerezaji aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na vyuma vya zana.

Nimepewa mchoro wa dai (kalibu yenye tundu ambamo panchi huingia) na panchi za kukatia bamba la chuma la milimita 2. Mchoro unataka vipande vikuu viwe 1.2379 na pini za kuelekezea, kipenyo milimita 10, ziwe 1.2510. Kuna pia tindo ndogo ya kung'olea vipande vilivyonasa, hiyo imeandikwa W1 basi, hakuna maelezo mengine. Panchi zikishatiwa ugumu zinakwenda kwa mtu mwingine kupakwa tabaka la titani naitraidi.

Muuzaji wa kwanza ana SKD11. Wa pili ana bamba lililoandikwa Cr12MoV ubavuni, lakini stika iliyobandikwa juu inasema "D2/SKD11". Kwa zile pini mmoja ananipa SKS3, mwingine CrWMn, wa tatu 1.2842. Kwa tindo nimepata SK3 na T10.

Nimepitia majedwali ya mlinganisho mengi. Karibu yote yanaweka 1.2379, D2, SKD11 na Cr12MoV kwenye mstari mmoja. Mstari wa O1, chuma cha Marekani kinachozimwa kwa mafuta, una 1.2510, SKS3 na CrWMn, na jedwali moja limeongeza 1.2842 humo humo. Kama ni kitu kimoja nichukue kinachopatikana haraka. Kama si kimoja, nataka kujua tofauti iko wapi na inanigusa vipi kwenye kazi hii.

Nondo_Moto alijibu:

Mkuu usijichoshe. D2 ni D2, Wajapani wanaiita hivi, Wajerumani vile, Wachina vile. Nimetumia zote na zinakata. Chukua iliyopo, ipashe, izime, songa mbele.

Fundi_Tanuri alijibu:

Mkerezaji, usilipe bado.

Mimi niko upande wa tanuri. Vyuma vya watu vinanifikia vikiwa vimeshakerezwa na kutobolewa. Navipasha, navizima (navipoza haraka viwe vigumu), navitempa (navipasha tena kwa joto la chini zaidi ili visivunjike kirahisi), navipima ugumu. Chuma kisicho sahihi hujulikana kikiwa kwangu, wakati kazi yote ya mashine imeshafanyika na mwenye mali anasubiri. Ndiyo maana nitajibu kwa urefu, maana swali lako ni zuri na majibu mepesi yanawaumiza watu.

Majedwali hayo hayasemi uongo, ila yanajibu swali ambalo si lako. Yanasema: ukikosa hiki, kilicho karibu nacho katika kiwango cha nchi nyingine ni hiki. "Karibu" kwa kazi gani, kwa joto gani, hayasemi. Kila kiwango kinaweka kiasi cha chini na cha juu kwa kila elementi, na dawa ni kuacha majina na kuweka tarakimu ubavu kwa ubavu.

Tuanze na familia ya D2. Kwenye kaboni na kromi hakuna ugomvi. D2 ya Marekani, iliyo kwenye ASTM A681, ina kaboni 1.40 hadi 1.60 kwa mia na kromi 11 hadi 13. SKD11 ya JIS G 4404, kiwango cha Japani, ni hivyo hivyo. 1.2379, namba ya Kijerumani ambayo kwenye kiwango cha kimataifa ISO 4957 inaitwa X153CrMoV12, inaanzia kaboni 1.45. Cr12MoV ya GB/T 1299, kiwango cha China, inakwenda 1.45 hadi 1.70, kromi 11 hadi 12.50. Ukiishia hapo, Nondo_Moto yuko sahihi kabisa.

Sasa shuka hadi molibdeni na vanadi. 1.2379 inataka molibdeni 0.70 hadi 1.00 na vanadi 0.70 hadi 1.00. D2: molibdeni 0.70 hadi 1.20, vanadi 0.50 hadi 1.10. SKD11: molibdeni 0.80 hadi 1.20, vanadi 0.20 hadi 0.50. Cr12MoV: molibdeni 0.40 hadi 0.60, vanadi 0.15 hadi 0.30.

Angalia vanadi tena. SKD11 inaishia 0.50, 1.2379 inaanzia 0.70. Safu hizo hazigusani. Kiwanda hakiwezi kumimina myeyuko mmoja ukawa SKD11 halali na papo hapo 1.2379 halali, hata kikitaka. Lakini jedwali linawaweka mstari mmoja! Wajapani wenyewe wanalijua hili: JIS G 4404 ina daraja jingine, SKD10, ambalo molibdeni na vanadi yake ni zile zile za 1.2379. Na kwa upande wa China, kinachofuata D2 kwa kemia ni Cr12Mo1V1. Cr12MoV ni chuma kingine chenye historia yake, kizuri kwa kazi zake, ila kuna wauzaji wanaokiuza kama D2 na mnunuzi hana habari.

Je, inakugusa? Kwa dai ya kawaida isiyopakwa chochote, ningekuambia usihangaike sana. Unapasha hadi nyuzi 1,010 au 1,030, unapoza kwa hewa, unatempa karibu na nyuzi 200, unapata HRC 60 hivi (ugumu kwa kipimo cha Rockwell C) au zaidi kidogo. Kwenye njia hiyo ya joto la chini, vyuma vyote vinne vinafanana kiasi kwamba ukinipa vipande visivyo na alama sitakuambia kipi ni kipi kwa kupima ugumu tu.

Ila wewe umesema panchi zinakwenda kupakwa titani naitraidi. Mashine nyingi za kupaka kwa mvuke hupasha kipande hadi kati ya nyuzi 400 na 500, na kinakaa humo kwa saa kadhaa. Panchi uliyoitempa kwa nyuzi 200 ikiingia kwenye nyuzi 450, imetempwa upya bila wewe kupanga. Ugumu unashuka, na vipimo vinasogea kwa sababu muundo wa ndani unabadilika. Unapokea panchi ya rangi ya dhahabu, inapendeza machoni, halafu chini ya ile dhahabu chuma kimelegea na tabaka linapasuka kwa kukosa pa kuegemea.

Kwa hiyo lazima upite njia ya joto la juu: unapasha nyuzi 1,050 hadi 1,080 ili kabaidi (chembe ngumu za kaboni na metali) nyingi zaidi ziyeyuke, unapoza, kisha unatempa juu ya nyuzi 500, mara mbili au tatu, na joto hilo liwe juu ya lile la mpakaji. Kwenye njia hii ugumu ukishuka kwanza hupanda tena karibu na nyuzi 500, kwa sababu kabaidi ndogo mno huzaliwa ndani ya chuma wakati wa kutempa. Na zinazozizaa, pamoja na kromi, ni molibdeni na vanadi. Hapo ndipo tarakimu nilizotaja zinapolipa. Chuma chenye nusu ya molibdeni na robo ya vanadi hakitasimama sawa na 1.2379 kwenye joto hilo, hata stika iseme nini.

Kwa panchi zako, basi: 1.2379 kwanza, au D2, SKD10 au Cr12Mo1V1 yenye cheti. SKD11 nitaikubali kama mpakaji atakuambia joto lake kamili nasi tukajaribu kipande. Cr12MoV kwa kazi hii, hapana.

Kwenye pini hali ni tofauti kidogo. 1.2510 ina kaboni 0.90 hadi 1.05, manganizi 1.00 hadi 1.20, kromi na tangsteni 0.50 hadi 0.70 kila moja. SKS3 ina manganizi 0.90 hadi 1.20, kromi na tangsteni 0.50 hadi 1.00. Hapo wanapishana kwa sehemu kubwa, na kwa kipenyo cha milimita 10 hutaona tofauti. Zima kwenye mafuta kutoka nyuzi 800 hivi, tempa nyuzi 180 au 200, kazi imekwisha.

CrWMn ndiyo imewekwa mahali pasipo pake. Tangsteni yake ni 1.20 hadi 1.60, na kromi 0.90 hadi 1.20. Mwenzake upande wa Japani ni SKS31, upande wa Urusi ni ile inayoandikwa KhVG kwenye GOST 5950. Mwenza wa O1 huko China ni 9CrWMn. Ile tarakimu 9 mbele inaonekana kitu kidogo, wauzaji wanaiacha, lakini ni chuma kingine. Tangsteni ya ziada inaleta kabaidi ambazo zisipovunjwa vizuri kwenye kufua hukaa kama wavu kwenye mipaka ya chembe, na pini nyembamba inayosukumwa kwa ubavu hupasukia hapo hapo. Niliwahi kuletewa pini zilizovunjika za namna hiyo. Uso wa mpasuko ulikuwa unametameta kwa chembe kubwa, badala ya ule uso wa kijivu uliofifia, laini, usio na mng'ao, ambao chuma cha mafuta kilichozimwa vizuri huonyesha kikivunjika.

1.2842 ni O2, si O1. Haina tangsteni, ina manganizi karibu 2 kwa mia. Inazimwa kwenye mafuta vile vile kwa joto linalokaribiana, na kwa pini itafaa. Ila mwambie fundi wa tanuri ni 1.2842, usimwambie "O1" kwa sababu jedwali limesema hivyo. Chuma chenye manganizi nyingi hakipendi kuzidishiwa joto.

Tindo nimeiacha mwisho, nayo ndiyo ina mtego mkubwa zaidi. W1 kwenye ASTM A686 ni chuma cha kaboni kinachozimwa kwa maji, na kaboni yake inaruhusiwa kuwa popote kati ya 0.70 na 1.50. Popote! Daraja hilo lina chuma cha kutengenezea tindo na chuma cha kutengenezea wembe ndani ya jina moja. Mchoro unaosema W1 bila kutaja kaboni haujamaliza kusema. Wenzetu wengine wanaitaja kwenye jina: C105U ya ISO ni kaboni 1.05 ikiwa katikati ya safu, C80U ni 0.80, T10 ya China ni karibu 1.0, U10 ya Urusi vivyo hivyo. JIS walikuwa na namba tu, SK1, SK2 na kuendelea, ambapo namba ikipanda kaboni inashuka. Mwaka 2000 wakabadilisha: SK3 ikawa SK105 na SK5 ikawa SK85. Kwa hiyo ile SK3 uliyopewa ina kaboni 1.00 hadi 1.10.

Tindo inapigwa nyundo. Kwa tindo mimi sitaki kaboni 1.05, nataka 0.80 au 0.85: SK85, C80U, T8. Kaboni ya ziada inakupa makali yanayodumu kidogo zaidi na ncha inayoruka vipande. Uzuri wa vyuma hivi vya maji ni kwamba havigumu hadi ndani kwenye kipande kinene. Ngozi ya milimita chache inakuwa ngumu sana na moyo unabaki mstahimilivu. Watu wanauona huu kama udhaifu ukilinganisha na vyuma vya aloi. Kwa kitu kinachopigwa, ni baraka.

Nondo_Moto alijibu:

Fundi nimekuelewa kwenye habari ya kupaka. Zangu zilikuwa hazipakwi. Swali dogo: EN31 nayo inaingia wapi? Kuna mtu ananiuzia kama chuma cha zana cha kiwango cha Ulaya.

Fundi_Tanuri alijibu:

Hiyo En haihusiani na viwango vya Ulaya vya siku hizi. Ni mfululizo wa zamani wa Uingereza uliotoka wakati wa Vita Kuu ya Pili, ule wa En8, En24 na wenzao. En31 ni chuma cha beringi: kaboni 1 na kromi karibu 1.5. Marekani ni 52100, Ulaya 100Cr6 yenye namba 1.3505, Japani SUJ2, China GCr15. Kwa kweli huu ni mmoja wa mistari michache ambapo jedwali linaaminika karibu kabisa, maana watengenezaji wa beringi dunia nzima walitaka kitu kile kile. Kinafaa kwa vipimio na panchi ndogo za kazi nyepesi.

Usije ukasoma GCr15 kama chuma chenye kromi 15. Kwenye vyuma vya beringi Wachina huandika kromi kwa sehemu za elfu, kwa hiyo 15 ni 1.5 kwa mia. Kwenye Cr12 ni 12 kwa mia kweli. Wajerumani nao: kwenye 100Cr6 unagawanya 6 kwa 4 unapata 1.5, lakini jina likianza na X, kama X153CrMoV12, hugawanyi kitu, 12 ni 12. Ukishika hilo la X utaepuka matatizo mengi.

Mkerezaji aliandika:

Shukrani sana Fundi. Nimerudi kwa yule muuzaji wa pili nikaomba cheti cha kiwanda cha lile bamba la "D2/SKD11". Amenipa. Kaboni 1.52, kromi 11.6, molibdeni 0.46, vanadi 0.19. Juu ya cheti wameandika D2. Anasisitiza ni sawa kwa sababu kaboni na kromi zimo ndani.

Fundi_Tanuri alijibu:

Cheti kimejisema chenyewe. Molibdeni 0.46 haifiki 0.70 ya D2 wala 0.80 ya SKD11. Vanadi 0.19 haifiki hata ile 0.20 ya SKD11. Tarakimu hizo nne zote zimo ndani ya Cr12MoV. Neno la juu lisikutishe, soma chini.

Ulinganishe pia namba ya myeyuko iliyo kwenye cheti na ile iliyogongwa au kupigwa rangi kwenye bamba. Zisipofanana, hata tarakimu nzuri hazikusaidii kitu, kwa sababu cheti ni cha bamba la mtu mwingine.

Mpimaji alijibu:

Naongezea kidogo, mimi nashughulika na upimaji wa metali. Ukienda kupima, uliza kwanza ni mashine gani. Ile bunduki ya mkononi ya mionzi ya eksirei inasoma kromi, molibdeni, vanadi, tangsteni na manganizi kwa sekunde chache, lakini kaboni haiioni. Kwa swali lako la D2 dhidi ya Cr12MoV inatosha kabisa, tofauti iko kwenye molibdeni na vanadi. Kwa tindo haikusaidii: itakuambia "chuma cha kaboni" na hutajua ni 0.80 au 1.20. Hapo unahitaji mashine ya cheche za umeme ya maabara, inayochoma doa dogo kwenye uso uliosagwa ukawa safi.

Na msage kweli. Bamba lililotoka kiwandani na ngozi yake nyeusi limepoteza kaboni usoni. Ukipima juu ya ngozi hiyo utasoma kaboni pungufu na kumlaumu muuzaji bure.

Fundi_Tanuri alijibu:

Asante Mpimaji, na hilo la ngozi linanihusu hata mimi. Mkerezaji, ukiagiza bamba jeusi, acha nyama ya kutosha ya kuondoa kila upande kabla hujaniletea. Uso uliopungukiwa kaboni haugumu, tupa itaula wakati ndani ni HRC 60.

Kwa wasio na mashine karibu, cheche za grainda zinasaidia kutenganisha familia, si ndugu wa familia moja. Chuma cha kaboni tupu hutoa mkia mrefu, mweupe, wenye matawi mengi yanayopasuka. Cha kromi 12 hutoa mkia mfupi, mwekundu uliofifia, na milipuko michache. Ukichanganyikiwa kati ya T10 na Cr12MoV, grainda itakuambia papo hapo. Kati ya Cr12MoV na D2, hakuna jicho litakalokuambia, na anayesema anaweza usimkabidhi kazi.

Mkerezaji aliandika:

Nimeamua hivi: panchi na dai 1.2379 yenye cheti, nimepata mahali, itachelewa kidogo lakini nasubiri. Pini SKS3. Tindo nimemwandikia mwenye mchoro athibitishe kaboni, amejibu tuweke C80U. Mpakaji anasema mashine yake inafika nyuzi 480.

Fundi_Tanuri alijibu:

Vizuri sana. Kwa nyuzi 480 tutatempa 520 au zaidi kidogo, mara tatu, kila mara kipande kipoe hadi kishikike kwa mkono kabla ya kurudi ndani. Acha saizi ya kusaga kwenye panchi. Kwa njia hii ya joto la juu zinaweza kukua kidogo, na usisage hadi kipimo cha mwisho kabla hazijatoka kwangu.

Kata pia kipande cha majaribio kutoka bamba lile lile, unene ule ule wa panchi, ukigonge namba ya myeyuko, ukilete pamoja nazo. Kitapita tanuri moja nazo, nitakipima, kisha kitaenda kwa mpakaji na kurudi nikipime tena. Na kwenye karatasi ya kazi andika "1.2379, X153CrMoV12", pamoja na namba ya cheti. Usiniandikie D2.

Mkerezaji aliandika:

Sawa Fundi, nitafanya hivyo. Mpakaji nimemwambia asubiri kipande cha majaribio kwanza kabla ya kupokea panchi.